Usaili usiwe siku ya kufika

Mwanangu Zuhura,

Habari ya kuitwa usaili Berlin baba yako ameshaitangaza msikiti mzima. Hongera sana. Ila ulipoandika kwamba safari ni "saa moja na dakika hamsini tu", usingizi umenipaa. Nakuomba, usaili usiwe siku ileile unayofika.

London hadi Berlin kwa njia ya anga ni kama kilomita 930. Ndege ikishatulia juu huenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Muda uliobaki huliwa na kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka. Muda ulioandikwa kwenye tiketi haukuhesabii kutoka kitandani kwako.

Hesabu nami. Ndege inaondoka uwanja wa Stansted saa moja asubuhi. Kutoka stesheni ya Liverpool Street, London, hadi hapo, treni ni dakika 50 hivi. Una pasipoti ya Tanzania, kwa hiyo pitia kaunta wakague viza kwanza, hata kama pasi ya kupandia unayo kwenye simu. Wengi huachwa hapo: wanakwenda moja kwa moja langoni, wanarudishwa, na kaunta nyingi hufungwa dakika 40 kabla ya ndege kuondoka. Berlin wako mbele kwa saa moja mwaka mzima, maana nchi zote mbili hubadili saa usiku mmoja. Utatua saa nne kasoro dakika kumi ya kwao. Bado foleni ya uhamiaji, alama za vidole na picha, kisha treni ya kama nusu saa. Usaili saa tano! Na hapo hakuna kilichoharibika. Ukungu ukishuka je?

Tiketi ya treni ya Berlin nunua ya kanda ABC, kwani uwanja wao uko kanda C. Ikiwa ya karatasi, igonge mhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Wakaguzi wengine huvaa kiraia na faini ni euro 60. Bima ya matibabu ya safari, ile yenye kinga ya euro 30,000, na barua ya mwaliko viwe mkobani, usivitie kwenye begi.

Ndege ikichelewa kufika kwa saa 3 au zaidi kwa kosa la kampuni, dai pauni 220, ndicho kiwango cha safari isiyozidi kilomita 1,500. Hali mbaya ya hewa hailipwi. Lakini hata ukilipwa, waliokuita watakuwa wameshamsaili mwingine.

Nenda jana yake, Zuhura. Najua ndimi ninayekuhimiza kila siku ubane matumizi. Kwa hili usibane. Hela ya kulala nitakutumia, bati la jikoni litangoja. Baba usimwombe, ada ya Salim bado haijakamilika. Dawa za bibi zimepatikana, anakusalimu, anauliza kama koti unalo.

Ukishabadili tiketi nitumie picha yake leo hii, niione tarehe.

Mama yako