Mama, Krismasi hii naomba ulale

Mama mugonile, na baba, na wote hapo nyumbani Tukuyu. Huku Hamburg siku hizi jua linazama saa kumi jioni, nikitoka zamu kwenye nyumba ya wazee giza limeshaingia, na kila nikishamfunika bibi wa watu blanketi nakukumbuka wewe, maana najua mwezi huu ndo huwa hulali kabisa.

Mama kuna kitu kimenikaa moyoni. Dada alinificha mpaka mwezi wa pili ndo akaniambia kwamba mwaka jana tarehe 26 ulianguka jikoni, presha 180 kwa 110, kumbe siku tatu mfululizo uliamka saa tisa usiku kuwasha moto na vidonge ukaviacha kwa sababu kile cha kutoa maji kinakupeleka chooni kila saa na nje mvua na wageni wamejaa. Nililia mama. Wazee wa watu nawapa dawa kwa saa, mama yangu mzazi anaziacha ili wageni wale.

Kile cha maji kinywe asubuhi ukiamka tu, mpaka jioni kazi yake imepungua na usiku unalala. Usikiruke hata siku moja, presha haiumi, unaweza kujisikia mzima kabisa huku imepanda. Dada akuchukulie dawa za kutosha mapema kabla ya wiki ya Krismasi. Na chumvi mama, mtu mzima kwa siku nzima haitakiwi izidi kijiko kimoja cha chai, na hapo vile vidonge vya supu navyo vinahesabiwa maana vimejaa chumvi, kwa hiyo mboga yako ipakuliwe kabla hawajaviweka.

Sasa kupika. Wakamwana zako watatu wote watakuwepo, mbalaga, zile ndizi zetu, wanajua kupika na wali wa Kyela nao wanaujua, waachie. Hela niliyotuma isiende kwenye mbuzi wa pili, naomba sana, tafuta binti wa kuosha vyombo na kuchota maji siku nne umlipe vizuri. Hakuna mgeni atakayeondoka na njaa kwa sababu wewe umekaa.

Huku tarehe 25 na 26 maduka yanafungwa, na watu wakishakula wanatoka nje kutembea taratibu, hata vikongwe na fimbo zao kwenye baridi hii. Nimeipenda sana. Mvua ikikata na wewe chukua wajukuu mtembee mpaka kwenye mashamba ya chai mrudi.

Kaka mwambieni kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 800, asiunganishe, alale Iringa. Watoto wakienda Matema wabebe chandarua, hapo kwetu baridi wamezoea kulala bila ila kule chini ziwani malaria ipo. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani wanapolala hata kukiwa na baridi vipi, ile hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Tarehe 25 nitapiga saa nane mchana ya huko, huku itakuwa saa sita. Simu apokee dada, nikiuliza mama yuko wapi anijibu kalala, nami nitakata nipige tena jioni.

Ndaga fijo mama, asante sana.
Binti yako