Paneli mpya za sola zipimwe kwanza hapa ziwani

Mhariri, mi ni fundi sola hapa Kirumba, nafunga taa za wavuvi wa dagaa, na siku hizi vijana wananiuliza sana kuhusu paneli za perovskaiti, aina ya fuwele inayogeuza mwanga kuwa umeme badala ya silikoni ya paneli za kawaida, eti zitakuwa bei chee. Kweli zimekimbia, mwaka 2009 kule Japani zilianza kwa kugeuza asilimia 3.8 tu ya mwanga wa jua kuwa umeme na leo maabara zimevuka 25, ila watu hawaulizi kuhusu lile tabaka jembamba linalopokea elektroni na kuzipeleka nje. Watafiti walizoea kulitengeneza kwa oksidi ya titani, inataka kuchomwa karibu nyuzi 500, halafu ikipigwa na urujuanimno wa jua (ile mionzi ya UV isiyoonekana) inaitafuna perovskaiti yenyewe. Wengi wamehamia oksidi ya bati, nyuzi 150 hivi zinatosha na jua inalivumilia zaidi.

Sawa, na unyevu je? Juzi nimefungua paneli ya mvuvi mmoja, maji yamepenya pembeni, waya umeota kutu ya kijani, na hiyo ni silikoni! Perovskaiti ikilowa inageuka njano, na nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndo yaishie ziwani tunakochota maji ya kunywa? Naomba watakaozileta wazijaribu kwanza hapahapa Mwanza, msimu mzima wa mvua.

Fundi sola, Kirumba