YAH: BODI YA REDIO INAYOKATIKA USB, NA JIBU LENU LA "BADILISHA KEBO"

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu bodi ya redio ya programu, ile inayonasa mawimbi kisha kazi yote iliyobaki ikafanywa na kompyuta. Siku mbili za mwanzo ilikwenda vizuri. Tangu siku ya tatu haijawahi kumaliza dakika 10 bila kukatika. Nimewaandikia mara tatu, na mara zote tatu nimejibiwa nibadilishe kebo. Barua hii naiandika ili nisiambiwe hivyo mara ya nne.

Kebo nimebadilisha. Nimejaribu tano, fupi kuliko zote ina sentimita 30, na zote zinahamisha mafaili ya simu bila shida. Nimebadili tundu la USB, nikabadili kompyuta, nikapitia habu (kigawanyio cha matundu ya USB) yenye umeme wake. Hata ule utaratibu wa mfumo endeshi wa Linux wa kulaza vifaa vya USB visivyo na kazi nimeuzima.

Katika jibu la mwisho mliongeza kwamba napokea sampuli, yaani vipimo vya wimbi ambavyo bodi hutuma kwa kompyuta, nyingi mno. Nikashusha kutoka milioni 10 kwa sekunde hadi milioni 2. Kila sampuli ni baiti 2, kwa hiyo hizo ni megabaiti 4 tu kwa sekunde, mzigo ambao USB 2.0 inaubeba bila kuhema. Ikakatika vilevile. Na fundi wenu, kwa heshima zote, anapaswa kujua kuwa mzigo ukizidi sampuli hupotea na sauti hukwaruza, lakini kifaa hakitoweki. Changu kinatoweka. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inaandika kwamba kimechomolewa, ilhali hakuna aliyekigusa. Mara kinarudi na namba mpya, mara kinashindwa kurudi kwa kosa la -71, yaani mawasiliano ya USB yameharibikia njiani.

Basi nikachukua multimita. Bodi ikiwa inapokea, kwenye tundu la kompyuta kuna volti 5.02. Kwenye pini ya volti 5 ya bodi, 4.31. Inavuta miliampia 450 hivi, kwa hiyo kuna ukinzani wa zaidi ya omu moja na nusu umejificha katikati. Kwenye kebo haupo, nimeipima peke yake. Nikakandamiza kichwa cha kebo kwa gumba: 4.9. Nikaachia: 4.3. Nikikandamiza hivyo nasikiliza kituo cha FM saa nzima bila kukatika, ila gumba langu lina kazi nyingine.

Kwa lenzi ya kukuzia sababu inaonekana. Soketi ya micro-USB imebandikwa kwa lehemu ya juu juu tu, vijiguu vyake vya pembeni havikupenyezwa kwenye bodi. Kimoja kimezungukwa na ufa mwembamba kama unywele, na pini inayoleta umeme imeanza kubanduka. Soketi inacheza kama jino bovu.

Ningeilehemu mwenyewe kwa dakika chache. Lakini karatasi yenu ya dhamana inasema bodi ikishaguswa na chuma cha lehemu, dhamana imekufa.

Nadai bodi nyingine, soketi yake ikaguliwe kabla ya kufungwa, na gharama za usafirishaji kwenda na kurudi ziwe zenu. Kama bodi hamna, nirudishieni fedha. Au niandikieni ruhusa ya kuilehemu bila kupoteza dhamana. Hiyo nayo naikubali, na kusema kweli ndiyo ya haraka. Nasubiri jibu ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu aliyeisoma barua hii mpaka hapa.

Nimeambatisha picha za ufa, vipimo na kumbukumbu za kerneli. Bodi iko kwenye boksi lake, tayari kwa safari. Kebo siitumi, haina kosa.

Wenu,
Mteja