Salum, jina nimeliona

Kaka Salum,

Mambo vipi. Najua umeninunia na una haki, voisi zako mbili nilizisikiliza nikasema ntajibu kesho, kesho ikawa miezi mitano. Mi mzima huku Uingereza, baridi tu, kazi ni ile ile ya kuhudumia wazee na zamu za usiku zimenitoa mvi. Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie khanga zilifika.

Sasa sikia. Kuna bibi mmoja namhudumia ana miaka 97, kichwa chake kinachaji kuliko changu. Siku zote ananiambia kaka yake alikufa kwenye ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili, mi naitikia tu pole bibi, huku nakunja mashuka. Juzi kanipa kikaratasi kina jina, kaniambia Jumapili si unapumzika, nenda pale Lincoln kilimani ukaniangalizie kama bado yupo. Yaani kama bado yupo!

Nikaenda bwana. Pana mnara wa chuma mwembamba una mita 31 hivi, urefu ule ni upana wa mabawa ya Lancaster, ile ndege ya Waingereza ya kudondosha mabomu, kutoka ncha hadi ncha, afu umezungukwa na kuta za chuma chenye rangi ya kutu zimetobolewa majina, karibu 58,000. Nilikuja kwa ajili ya moja nikasimama pale kama niliyepotelewa na mtoto Kariakoo. Saa nzima natembeza kidole. Nikalipata, nikapiga picha.

Usiku nikamwonyesha. Akaishika simu kwa mikono miwili, akauliza, rubani wake yuko karibu? Nikamwambia bibi, majina yamepangwa kwa alfabeti. Akanyamaza, kisha akasema, basi wamewatenganisha.

Kaka, hilo neno sijalimaliza mpaka leo. Kwa sababu mle ndani ya ndege walikuwa saba: rubani mmoja tu (hana msaidizi, akipigwa yeye jiandaeni), fundi injini, mwongoza njia, mdondosha mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki wawili. Na hawakupangwa na bosi. Wengi wao waliingizwa kwenye hanga moja, wakaambiwa haya chaguaneni wenyewe, kama sisi tulivyokuwa tunachagua timu pale uwanja wa shule, we na Mudi mnaniacha wa mwisho. Unamwangalia mtu usoni dakika mbili, unamkabidhi roho yako.

Huyo kaka wa bibi alikaa mkiani. Kibanda cha vioo, peke yake usiku kucha, mgongo kwa wenzake, baridi inafika nyuzi 40 chini ya sifuri, wengine wanatoa kipande cha kioo cha mbele makusudi ili waone vizuri ndege za adui, na parachuti haiingii mle, imening'inizwa nyuma ya mlango. Mtoto wa miaka 20! Awamu moja ni safari 30 ndo unapumzishwa. Kati ya watu kama 125,000 waliorushwa na kamandi ya Waingereza ya ndege za mabomu walikufa 55,573, na umri wa wastani ni miaka 22. Yaani unajua hesabu inakataa, na kesho unapanda tena.

Alipotea usiku wa tarehe 30 Machi 1944, wameenda kupiga mabomu Nuremberg, Ujerumani, mwezi mweupe pee, ndege 95 hazikurudi. Usiku mmoja. Bibi anasema mara ya mwisho yupo likizo alikuwa anasimulia mayai tu. Raia mgao ni yai moja kwa wiki, wao wakitaka kuruka wanapewa yai na bekoni (we hapo ruka), wanataniana mezani, usiporudi yai lako nachukua mimi.

Mudi nilimpigia, si unamjua, akaniwakia: ushujaa gani, hao si ndo walichoma watu Hamburg 1943, maelfu kwa maelfu, wanawake na watoto, afu Dresden? Sikuwa na jibu na bado sina. Ni kweli walichoma. Hata wenyewe Waingereza waliona aibu, Churchill kwenye hotuba ya ushindi Mei 1945 hakuwataja, na mnara wao London ulifunguliwa 2012, wengi wao washakufa. Ila nikimfikiria yule dogo mkiani siwezi... sijui. Wote walijitolea, hilo kweli, lakini ukisema imetosha unaandikwa kwenye faili kwamba huna moyo, unavuliwa beji, unaondolewa kambini. Sasa ni ujasiri au ni kuogopa aibu? Mi naona vyote viwili vilikaa kiti kimoja.

Na sio Wazungu tupu. Johnny Smythe wa Freetown alikuwa mwongoza njia, akatunguliwa Novemba 1943, Wajerumani walipomkamata wakashangaa mtu mweusi ana cheo cha afisa. Afu Ulric Cross wa Trinidad, karuka mara 80, ingawa yeye ndege yake ilikuwa Mosquito, ya mbao, watu wawili, kwa hiyo usianze kubishana. Unajua alikuja kuwa nani? Jaji wa Mahakama Kuu hapo hapo Tanzania, kuanzia 1967! Na sheria kafundisha Chuo Kikuu Dar.

Ndo shida yangu na wewe. Mjomba wako si alisoma sheria mlimani miaka hiyo? Muulize, Jaji Cross aliwahi kumfundisha? Alikuwa anazungumzia vita, au alinyamaza? Wanafunzi walikuwa wanajua huyu mzee karushwa risasi juu ya Berlin?

Jumapili narudi kilimani, nina majina sita mengine, bibi kaniandikia kwa mkono wake. Nitapiga picha moja moja, afu nizipange pamoja kwenye karatasi moja, unaonaje? Atafurahi au nitamtonesha? Na Mudi bado kanuna? Ule mkopo wa pikipiki uliisha? Jibu basi, hata voisi ya dakika kumi, nitaisikiliza yote.

Wako,
Hamisi