Matairi matano ya Volks

Makadara, Mombasa

Ndugu yangu Mwinyihaji,

Assalamu alaikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi, ila joto ndilo halitupi nafasi. Nimefurahi mno kusikia Volks (Volkswagen Beetle) ya marehemu mzee imewaka. Gari la mwaka 1970, limelala bandani miaka yote ile, leo linanguruma Voi mjini! Mama bila shaka machozi yalimtoka.

Sasa hilo la matairi. Umesema fundi wako anataka kukufungia 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana, R ni radiali, rimu inchi 15), kwa sababu ndiyo yaliyojaa madukani na eti gari litakuwa na kifua. Nakusihi usikubali. Nimelizungukia jambo hili hapa mjini kwa ajili yako, na nina hakika na ninalokwambia.

Volks ile ilitoka kiwandani na 5.60-15, tairi jembamba na refu la aina ya zamani, ambalo nyuzi zake zimepishana mshazari. Leo mahali pake pamechukuliwa na radiali, ambalo nyuzi zake zinapita moja kwa moja kutoka ubavu huu hadi ubavu ule, na juu yake kuna mshipi wa waya. Michelin walianza kuyauza tangu 1949, kwa hivyo si mambo ya jana. Saizi yako ni 165R15, au 165/80R15 kama wengine wanavyoiandika siku hizi. Ile 80 ni asilimia: ubavu una kimo cha asilimia 80 ya upana wa tairi. Usipoona namba hiyo, jua ni 80 au juu kidogo.

Rimu zako zina upana wa inchi 4 tu. Tairi la 195/65 linataka rimu ya inchi 5 na nusu angalau. Ukilibana kwenye rimu nyembamba, mbavu zinavimba, uso unakosa kukanyaga barabara sawasawa, na kingo hazikai imara kwenye rimu. Juu ya hayo usukani wako hauna pawa. Kila utakapoegesha mkono utauma. Mzee aliligeuza gari hilo kwa kidole kimoja pale sokoni, unakumbuka.

Duka moja karibu na Mwembe Tayari waliniletea 195R15C, lile tairi la matatu. Inchi 15 ni inchi 15, wakasema. Lakini hiyo C maana yake ni tairi la gari la mizigo: mbavu ngumu, limetengenezwa kubeba matatu iliyojaa. Volks haifiki hata tani moja ikiwa tupu. Itakuwa inarukaruka kwenye kila shimo, na tairi lenyewe ni refu kuliko la asili kwa sentimita kadhaa.

Duka la pili walikuwa na 165R15 kweli. Moyo ulinidunda! Linang'aa, stika bado iko usoni, vile vinywele vya mpira havijakatika. Nikainama na tochi ya simu, nikatafuta herufi DOT ubavuni. Upande wa kwanza hazikukamilika. Nikaomba tugeuze, na pale mwisho nikakuta tarakimu nne ndani ya kijisanduku: 1114. Yaani lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2014. Nikalikunja kidogo kwa dole gumba, na chini ya mifereji mipasuko midogo ikafunguka. Halijawahi kugusa barabara, lakini mpira unazeeka hata ukiwa stoo, na joto la Pwani linauharakisha. Mimi silifungi tairi lililopita miaka sita, na lililofika kumi sitaki hata liwe spea. Kwa sababu hiyo hiyo hayo uliyoyakuta kwenye gari yatoe yote, hata kama kashata zake (meno ya usoni) bado nzima. Usije nayo barabara kuu katikati ya malori, jua la saa nane, lami inachemka.

Yaliyopo ya kuagiza nayajua matatu: Michelin XZX, Vredestein Sprint Classic, na Nankang CX668. La Michelin ndilo lenye sura ya enzi zile, na kama ungekuwa unalipeleka gari kwenye maonyesho ningekwambia ujikaze. Lakini wewe utaenda nalo kazini. Chukua Nankang, pesa itakayobaki itengeneze breki. Hakikisha tu namba ya mzigo ni 86 au zaidi; 86 ni kilo 530 kwa kila tairi, na hiyo inakutosha na familia nzima ndani.

Nunua matano. Hapa ndipo watu wanapofanya ubahili, na mimi sikubaliani nao kabisa. Spea ikibaki lile la zamani la mshazari, siku ya pancha utakuwa na radiali upande mmoja na mshazari upande wa pili kwenye ekseli moja, na gari litavuta na kuyumba ukikanyaga breki. Halafu Volks ina jambo lake: lile chupa la maji ya kuoshea kioo, pale mbele chini ya boneti, limeungwa kwa mpira mwembamba kwenye valvu ya spea. Upepo wa spea ndio unaosukuma maji. Kuna valvu inayofunga upepo ukishuka, ili spea isiishe, lakini ukiosha kioo kila siku kwa vumbi la Voi lazima uijaze zaidi ya matairi mengine na uipime mara kwa mara. Wengi wameifungua siku ya shida wakaikuta laini.

Na upepo wenyewe, usimwachie kijana wa petroli stesheni akujazie psi 30 kote. Injini iko nyuma, uzito uko nyuma. Kwa radiali weka 18 mbele na 27 nyuma. Ukisawazisha, mkia utakushinda kwenye kona, kwa sababu gurudumu la nyuma la gari hilo hujikunja kwa ndani likilemewa.

Rimu za zamani kama zako zinataka tyubu. Mwambie fundi wa pancha azikwangue kutu kwa brashi ya waya na azipake rangi kwanza, abandue kila karatasi iliyogandishwa ndani ya tairi maana hiyo hula tyubu polepole, na apake poda. Tyubu ziwe za radiali za saizi hiyo hiyo, mpya, tano.

Ukiafiki, nijulishe kabla ya Ijumaa nikalipe amana, na uniletee rimu zote tano kwa basi. Hapa Majengo yupo fundi ninayemwamini, nitasimama naye mpaka amalize. Msalimie Mama sana, na watoto.

Wako,
Athumani