Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, sitamwingilia. Mimi niseme la daraja, maana ndilo lililotugeuza mwaka huu.

Tangu Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, zile kilomita 3 za kuvuka Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, ni mwendo wa dakika chache tu. Sisi wauza nyanya tunaijua tofauti. Zamani tenga lilitoka zima Sengerema, likafika Mwanza linachuruzika, kwa sababu foleni ya kivuko haikuwa na saa: leo nusu saa, kesho saa mbili, na mnunuzi hakungoji. Sasa mama anapanda mchomoko, ile gari ndogo ya abiria, alfajiri, anauza, na mchana yuko shambani kwake anapalilia. Wenye dagaa wanawahi soko la Mwaloni, Mwanza, bei ikiwa bado nzuri. Mwenye mgonjwa wa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, ndiye hata hahitaji kuelezwa.

Ila tusidanganyane. Wenzetu wa vibanda vya chai na samaki wa kukaanga pale kivukoni walikuwa wanakula kwa foleni ileile tuliyokuwa tunailaani. Mwezi wa nane nilipita, nikamkuta mwanachama wetu mmoja saa nne asubuhi na chupa tano za chai, zote zimejaa. Nilikunywa vikombe viwili kwa aibu tu. Ndiyo maana kamati iliamua fedha za dharura ziwakopeshe hao kwanza, bila riba, wahamie barabarani. Najua wapo walionung'unika. Uamuzi ule nausimamia.

Barabarani nako kuna lake. Kijijini kwetu hakuna kituo, basi linapita kama halituoni. Abiria wanasimama na mizigo kando ya lami, juani, na bodaboda anataja bei anayoitaka. Daraja tunalo, pa kupandia gari hatuna.

Tumeomba kituo chenye banda na choo mara mbili kwa maandishi. Barua ya kwanza tuliambiwa haionekani, ya pili haijajibiwa. Ya tatu iko hapa mezani na karatasi ya sahihi. Asiyeandika aweke dole gumba, wino anao katibu. Jumatatu naipeleka mwenyewe, na safari hii sitaondoka bila nakala iliyogongwa muhuri.