Tindikali iuzwe ikiwa na asilimia yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, pamoja na mafundi marumaru, kuhusu tindikali ya haidrokloriki wanayouziana kwa kusafishia sakafu na vyoo. Ukiuliza ina nguvu kiasi gani, unajibiwa, "Hii kali, bosi." Kali ya asilimia ngapi? Hapo hakuna anayejua, wala anayeona haja ya kujua.

Ile ya maabara huwa na asilimia 37 hivi. Ya viwandani mara nyingi ni 30 hadi 33, na dawa za chooni zilizokwisha kuzimuliwa huwa chini ya hapo sana. Fundi aliyezoea kutia lita moja katika lita tatu za maji, akipata ya 37, anabaki na mchanganyiko wa asilimia 10 hivi, unaotosha kutoa saruji iliyogandia marumaru. Akiuziwa ya 15 bila kuambiwa, vipimo vilevile vinampa asilimia 4. Haitoi kitu, basi kesho yake anaimwaga kavukavu bila maji. Na dumu la siku hiyo likiwa la 37? Grauti inaliwa, koki zinababuka, terazo inachimbika, na mvuke unamkaba fundi ndani ya choo kisicho na dirisha.

Wengi huamini kwamba ya manjano ndiyo kali zaidi. Si kweli. Manjano hayo kwa kawaida ni uchafu wa chuma; iliyo safi haina rangi hata ikiwa ya 37. Uzito ndio unaosema: lita ya asilimia 37 ina kilo 1.18 hivi, ya asilimia 20 ina kilo 1.10. Kwa hiyo anayepima na kugawa kutoka pipa kubwa hana kisingizio cha kutojua anachouza.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni chupa za maji ya kunywa. Kimiminika kisicho na rangi, ndani ya chupa ambayo mtoto anaifahamu, chini ya sinki! Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ipo tangu 2003, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo yenye kuisimamia. Naomba wakaguzi wake wasiishie kwenye maghala ya waagizaji, wafike na kwenye vibanda vinavyopima kwa kikombe.

Kwa mafundi: tangulizeni maji kwenye ndoo ya plastiki, ndipo mtie tindikali kidogo kidogo. Ukigeuza, joto linaweza kuirusha usoni. Vaeni glavu za mpira na miwani ya kinga, fungueni mlango. Msiichanganye na jiki kamwe, kwa sababu inatoka gesi ya klorini, nayo huua. Ikikurukia, vua nguo iliyolowa na ujimwagie maji mengi kwa dakika 20, macho hali kadhalika, kisha hospitali. Aliyeimeza asitapishwe.

Wenye maduka nawaomba jambo moja tu kwa sasa: kila chupa iandikwe jina la kilichomo na asilimia yake, kwa kalamu ya wino usiofutika kama kibandiko hakijapatikana.

Mwalimu wa kemia,
Morogoro